Uchumba na Ndoa baina ya Wakristo wa Makanisa Mbalimbali katika Nchi ya Ruvu

Mtu akiondoka Pugu asubuhi kwa miguu na kupanda vilima kuelekea Kisarawe, kabla jua halijafika utosini atakuwa amepita katika maeneo ya makanisa matatu. Pugu ndipo Wabenediktini wa Kanisa Katoliki walipojenga misioni yao ya kwanza mwaka 1888. Minaki ndipo Waanglikana wa U.M.C.A. walipohamishia chuo chao cha Mtakatifu Andrea mwaka 1925, kutoka Kiungani ya Unguja. Na Kisarawe penyewe Waluteri wa Berlin walifungua kituo mwaka 1892. Miaka mitatu baadaye wakafungua kingine Maneromango, mwendo wa siku nzima mbele upande wa kusini-magharibi. Ukishuka kwa upande wa kaskazini na magharibi wafika bonde la Ruvu, mto ambao sehemu yake ya chini zamani iliitwa Kingani, na karibu na mlango wake ni Bagamoyo, ambako Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwako tangu mwaka 1868.

Ni nadra kuona makanisa matatu yakikaa karibu hivi katika nchi ambayo wenyeji wake wengi ni Waislamu. Wakristo wa Uzaramo walikuwa wachache siku zote. Kijana wa Kiluteri aliyetafuta mchumba wa Kiluteri hakuwa na wengi wa kuchagua, hasa baada ya kuondoa ndugu zake na wale ambao desturi ilimkataza. Binti wa Kikatoliki wa kijiji cha pili alikuwa karibu kuliko Mluteri wa mbali; na binti wa Kiislamu alikuwa karibu zaidi ya wote wawili. Kwa hiyo habari ya ndoa baina ya Wakristo wa makanisa mbalimbali haikuwa jambo la pembeni hapa. Nia yangu ni kueleza jinsi ilivyokuwa, na kwa nini sheria ambayo wenye kanisa waliiona nyepesi kueleweka, wazee wa Kizaramo waliiona kama fumbo.

Hapo mwanzo fumbo hilo halikuwako, kwa sababu wa kuoa na kuolewa hawakuwa na jamaa wa kuwauliza. Wakristo wa kwanza wengi walikuwa watumwa waliokombolewa. Bagamoyo mapadre waliwalea watoto hao, wakawafundisha kazi, na walipokua wakawaozesha wao kwa wao, wakawapa nyumba na shamba katika kijiji cha Kikristo. Unguja nako U.M.C.A. waliweka wavulana Kiungani na wasichana Mbweni, na mvulana wa Kiungani alipotafuta mke macho yake yalielekezwa Mbweni. Kisarawe pia ilipokea watu waliotolewa utumwani. Misheni ilisimama mahali pa baba, na mahali pa mjomba pia. Nani angemposea Mkristo wa Kiungani binti wa Bagamoyo? Hapakuwa na njia, wala mshenga.

Mambo yaligeuka Wazaramo wenyewe walipoanza kubatizwa, na reli ilipopita. Ujenzi wa reli ya kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro mwaka 1907, ukipita Pugu na Soga na Ruvu. Reli ilileta watu wa bara, na baadhi yao walikuwa Wakristo wa misheni ambazo pwani hazikujulikana. Sasa mposaji alikuwa na ukoo wake, na mposwa alikuwa na ukoo wake, na kila ukoo ulikuwa na maneno ya kusema.

Yafaa tutazame kwanza maneno yenyewe, maana sisi walimu twayatumia kila siku bila kuyapima. Neno «ndoa» ni letu, latokana na «kuoa». «Nikaha» na «mahari» na «talaka» yametoka kwa Waarabu, na pamoja nayo ikaja sheria ya Kiislamu. «Posa» na «mshenga» hayana dini. Ni ya wote. Lakini mara tu posa inapokubaliwa na wachumba wanapokwenda kanisani, lugha yagawanyika. Mkatoliki husema misioni, mwenzake husema misheni. Huyu humwendea padre au paroko, yule humwendea mchungaji. Huyu hupokea komunyo, yule hushiriki Chakula cha Bwana. Wote watatu, Mkatoliki, Mwanglikana na Mluteri, husema «kipaimara». Tena ni neno moja tu, lakini kipaimara cha kanisa moja hakikuhesabiwa katika jingine. Binti aliyefundishwa mwaka mzima akawekewa mikono mbele ya watu wote, alipotaka kuolewa upande wa pili aliambiwa aanze tena. Na zamani, Mprotestanti akiingia Ukatoliki, mara nyingi alibatizwa tena kwa sharti, yaani kwa maneno «kama hukubatizwa». Padre alijua kwamba neno «kama» lilikuwa na maana kubwa katika elimu yake. Mama mzazi aliyesimama mlangoni alisikia jambo moja tu, kwamba mtoto wake alihesabiwa kuwa hajapata kubatizwa.

Waanglikana wa U.M.C.A. walikuwa katika hali ya ajabu. Kwa macho ya mtu wa kawaida walikuwa sawa na Wakatoliki: walikuwa na Misa, walikuwa na padre, walikuwa na maungamo na uvumba. Mzee wa Kisarawe angeweza kusamehewa akiwachanganya. Hata hivyo Roma ilikwisha kutangaza mwaka 1896 kwamba daraja za Waanglikana si kitu, na katika mambo ya ndoa Mwanglikana wa Minaki alikuwa mbali na Mkatoliki wa Pugu sawasawa na Mluteri. Tena alikuwa mbali na Mluteri pia. Katika mkutano wa Kikuyu, nchi ya Kenya, mwezi Juni 1913, misheni mbalimbali za Kiprotestanti zilishauriana kuungana, na maaskofu wa Uganda na Mombasa wakashiriki mkutano huo na ibada ya Ushirika iliyoufunga. Askofu Frank Weston wa Unguja aliwashtaki kwa uzushi. Mabishano yale yalifika Uingereza na kuandikwa sana magazetini. Wanaoyasoma leo huyaona kama ugomvi wa wanazuoni juu ya daraja ya uaskofu, na ndivyo yalivyokuwa. Lakini yalikuwa na upande wa jikoni. Kama misheni zisingekubali washiriki wa jirani mezani, mke wa Kianglikana aliyeolewa katika kijiji cha Waluteri angekaa miaka bila Ushirika, isipokuwa akiacha kanisa lake.

Sasa nije kwenye sheria ya Kanisa Katoliki, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na maneno mengi zaidi na ndiyo iliyoandikwa wazi zaidi. Tangu Pasaka ya mwaka 1908, kwa amri iitwayo Ne Temere, ndoa ya Mkatoliki na Mkristo asiye Mkatoliki haikuwa ndoa kabisa isipofungwa mbele ya padre mwenye mamlaka na mashahidi wawili. Ujerumani ilikuwa imepewa ruhusa ya pekee mwaka 1906: wale waliozaliwa huko na kuoana huko, ndoa yao ilihesabiwa halali hata ikifungwa kwa mchungaji. Hivyo kwa miaka kumi hivi Mkatoliki wa Bavaria aliweza jambo ambalo Mkristo wa Uzaramo, aliyefundishwa na padre wa Kijerumani, hakuliweza. Sidhani kwamba habari hiyo ilisomwa sana katika mafundisho ya wakatekumeni.

Kisha ikaja Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, iliyoanza kutumika mwaka 1918. Ndoa ya namna hii ilikatazwa kwa ukali, lakini askofu aliweza kutoa ruhusa kwa sababu nzito. Ruhusa ilikuwa na masharti. Asiye Mkatoliki aliahidi kutomwondoa mwenzake katika imani. Na wote wawili waliahidi, kwa kawaida kwa maandishi, kwamba watoto wote watabatizwa na kulelewa katika Kanisa Katoliki tu. Mkatoliki aliyefunga ndoa mbele ya mchungaji alitengwa. Na hata pale ruhusa ilipotolewa, arusi ilinyimwa heshima zake: haikutangazwa kanisani mara tatu kama ndoa nyingine, haikuwa na Misa, na kwa kawaida haikufungwa ndani ya kanisa bali katika sakristia au mahali pengine. Kusudi lilikuwa kuonyesha kwamba Kanisa linavumilia tu, halifurahi.

Wenye kuitunga sheria hii waliifikiria Ulaya, ambako watu wa makanisa mawili wamekaa pamoja miaka mia nne na kila mmoja anajua maana ya sakristia. Katika Uzaramo maana yake iligeuka. Kwa watu wa pwani na wa bonde la Ruvu, arusi hujulikana kwa kutangazwa. Kwanza mshenga huja akikohoa nje ya mlango, kisha wazee hukaa, kisha ukoo huarifiwa, kisha huja ngoma na vigelegele na chakula, na watani husema maneno yao ya kuudhi yasiyoudhi. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Dunda karibu na Bagamoyo, ambaye kitabu chake cha desturi za Waswahili kilipigwa chapa mwaka 1903, alieleza kwa urefu mambo haya ya posa na arusi. Na anayemsoma huona kwamba karibu kila hatua ni tendo la mbele ya watu. Ndoa ambayo haikutangazwa, ikafungwa chumba cha pembeni mbele ya mashahidi wawili, ina jina lake pwani: ni ndoa ya siri. Haikosi uhalali, lakini ina aibu, na watu huuliza ilikuwa na haraka gani. Basi padre aliyemwambia binti, «Mtafunga sakristia,» alidhani anampa adhabu ndogo ya kanisani. Kwa shangazi zake binti alikuwa ameshushiwa heshima ya mwanamwali.

Jambo la pili lilikuwa zito zaidi, nalo ni watoto. Wazaramo, kama Waluguru na Wakwere na Wakutu jirani zao, zamani walihesabu ukoo kwa upande wa mama. Uislamu na Ukristo na sheria za serikali zimepunguza nguvu za hesabu hiyo, lakini hazikuifuta, na katika siku tunazozieleza ilikuwa hai. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mjomba ndiye mwenye neno juu yake: katika posa, katika ugonjwa, katika mwali kutolewa ndani, katika urithi. Baba ana heshima yake na jina lake, lakini hawezi kumtoa mtoto katika ukoo aliozaliwa nao.

Na tuchukue mfano, wala si wa mtu fulani. Kijana wa Kikatoliki aposa binti wa Kiluteri wa upande wa Maneromango. Mjomba wa binti ni Mwislamu, kama wajomba wengi wa nchi hii. Mahari yamekubaliwa. Kijana asema kwamba yako masharti ya kanisa, na binti lazima atie sahihi karatasi ya ahadi juu ya watoto watakaozaliwa. Mjomba auliza: watoto gani? Wa nani? Yeye hakuulizwa. Kama angeulizwa labda angekubali, maana kwake wote wawili ni watu wa Isa, na hajui kwa nini wanahitaji ruhusa ya kuoana. Lakini ahadi inayowafunga watoto wa ukoo wake, iliyotolewa na msichana peke yake mbele ya mgeni, kwa desturi si ahadi. Binti hana mamlaka ya kuwaahidi.

Padre naye hakuwa mjeuri. Alilinda neno ambalo kanisa lake liliona kuwa roho ya mtoto yategemea hilo. Yeye na mjomba walikuwa wakiuliza swali lile lile, «Watoto hawa ni wa nani?», na kila mmoja aliona kwamba jibu liko mikononi mwake kabla mtoto hajazaliwa. Naona hii ndiyo sababu iliyovunja posa kuliko mabishano yoyote juu ya Bikira Maria au Papa. Mambo hayo wazee hawakuyajua wala kuyajali.

Upande wa Kiluteri ugumu ulikuwa wa namna nyingine. Martin Luther alifundisha kwamba ndoa ni jambo la dunia hii, si sakramenti, ingawa yafaa kuombewa kanisani. Kwa hiyo mchungaji hakusema kwamba ndoa iliyofungwa kwa padre si ndoa. Alilalamika juu ya ile karatasi. Mshirika wake aliyetia sahihi alikuwa ameahidi kuwanyima watoto wake ubatizo wa kanisa lake mwenyewe, na baraza la wazee wa kanisa liliweza kuliona tendo hilo kama kuikana imani. Hivyo aliyetia sahihi alikuwa hatarini kwao, na aliyekataa kutia sahihi alimponza mwenzake kwa padre.

Wachumba wengi walitafuta njia ya tatu, yaani mmoja alihama. Na aliyehama mara nyingi alikuwa mwanamke. Siku hizi husemwa katika Tanzania nzima kwamba mke humfuata mume katika kanisa, hata watu hudhani ni desturi ya kale ya Kiafrika. Katika Uzaramo sivyo. Nchi ambayo mtoto ni wa ukoo wa mama haikuwa na sababu ya kumhamisha mama. Usemi huo uliletwa na misheni zenyewe, pamoja na watu wa bara wahesabuo ukoo kwa baba, nao ukakubaliwa kwa sababu ulirahisisha: nyumba moja, kanisa moja, hakuna karatasi. Aliyelipa gharama ni mwanamke, aliyeanza mafundisho tena akiwa mtu mzima, akakaa benchi moja na watoto.

Wengine hawakuhama wala hawakutia sahihi. Walikamilisha mahari na desturi za nyumbani, wakakaa pamoja, wakazuiwa sakramenti kila mmoja kwa kanisa lake. Hapo ndipo lilipopata nguvu neno «kubariki ndoa», tulilolizoea sana: watu wenye watoto wakubwa wanakwenda kanisani kubariki kitu ambacho majirani walikwisha kukiita ndoa miaka kumi iliyopita. Wengine walikwenda bomani.

Vita viwili vikuu viliongeza mchanganyiko. Waingereza walipoitwaa Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, wamisionari wa Kijerumani wa makanisa yote mawili waliondolewa baada ya muda. Upande wa Kikatoliki walikuja Wakapuchini wa Uswisi mwaka 1921. Waluteri wa Uzaramo walishikwa na walimu wao wenyewe Waafrika, mpaka Wajerumani waliporudi miaka ya 1920. Na vita vya pili vilipowaondoa tena, usimamizi ukapita kwa Waluteri wa Marekani wa Augustana. Katika miaka kama hiyo mwalimu wa kijiji ndiye aliyekuwa mchungaji na mshauri wa posa, naye alikuwa mtoto wa ukoo wa pale pale.

Mageuzi makubwa yalitoka Roma baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Mwezi Machi 1966 Kanisa Katoliki liliruhusu ndoa hizi zifungwe kanisani kwa Misa na baraka za kawaida, na likaondoa adhabu ya kutengwa kwa wale waliofunga mbele ya mchungaji. Machi 31, 1970, Papa Paulo wa Sita alitoa waraka Matrimonia Mixta. Tangu hapo, na kwa Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 vilevile, Mkatoliki peke yake ndiye anayeahidi kufanya yote awezayo ili watoto wabatizwe Kikatoliki. Mwenzake huarifiwa tu juu ya ahadi hiyo, hatii sahihi. Ruhusa ya askofu bado yatakiwa, na akiwa na sababu aweza hata kuruhusu ndoa ifungwe kwa kanisa la pili. Mwaka uliofuata serikali ya Tanzania ilitoa Sheria ya Ndoa ya 1971, inayotaka kila ndoa itolewe taarifa siku zisizopungua 21 kabla ya kufungwa. Kwa bahati njema, desturi ya matangazo na sheria ya nchi zikasema neno moja.

Wakati huo nchi ya Ruvu yenyewe ilikuwa imebadilika. Mwaka 1963 nchi za Nordiki zilianza kituo kikubwa cha elimu Kibaha. Kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa ikawekwa Ruvu. Pugu na Minaki, zilizokuwa shule za makanisa, zikawa za serikali baada ya sheria ya elimu ya mwaka 1969. Vijana wa Kilimanjaro, Bukoba, Songea na Masasi walikutana hapa wakiwa mbali na padre wao na mchungaji wao, na mbali na wajomba.

Wakatoliki wa Kiswahili wameiita ndoa ya namna hii «ndoa ya mseto». Neno hilo si baya, ila nashindwa kulipitisha bila kusema kitu. Mseto, kama kila mpishi ajuavyo, ni mchele na choroko zilizopikwa pamoja na kusetwa hata hutambui punje. Sheria ya kanisa yataka kinyume chake: kila punje ibaki jinsi ilivyo, na iweze kuhesabiwa. Labda waliochagua neno waliitazama nyumba yenyewe, si kitabu.

Siku hizi katika Kibaha na Kisarawe barua ya posa hueleza mapema kanisa la mposaji, na wazee wa upande wa binti huuliza kama atahama. Akijibu kwamba hahami, hawashtuki kama babu zao. Arusi hutangazwa, hufungwa kanisani, na vigelegele hupigwa hadharani. Swali la watoto huulizwa mara mbili, mara moja na paroko ofisini na mara moja nyumbani na jamaa wa mama, na wachumba wenye busara huwa wamepatana juu ya jibu kabla ya mara ya kwanza. Lililobaki ni meza yenyewe. Kwa kawaida Mkatoliki hapokei Chakula cha Bwana kwa Waluteri, wala Mluteri hapokei komunyo kwa Wakatoliki. Jumapili asubuhi mume na mke hutoka nyumbani pamoja, na penye njia panda huachana, na watoto hufuata upande ule ambao walibatizwa.